Kitanda cha Ukuta wa Joto

Mama Sabuni aliweka mgongo wa mkono ukutani, vile anavyopima homa ya mtoto, akauondoa upesi. Akaurudisha. Jana ukuta huu ulikuwa wa kuegemea. Leo haukuegemeka.

Chini ya ukuta huo, kwenye kitanda cha mwisho cha wodi ya wazazi, bintiye alikuwa amelala ubavu, uso umemwelekea mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili. Alizaliwa kabla ya wakati, na tangu siku hiyo alipumua kwa kusaidiwa. Mrija mwembamba ulitoka puani mwake, ukashuka kitandani, ukaenda hadi kwenye mashine ya oksijeni iliyokuwa ikinguruma sakafuni. Waya wa mashine ulikuwa mfupi. Upande ule wa wodi ni soketi moja tu iliyofanya kazi, na soketi hiyo ilikuwa kwenye ukuta huo huo.

"Mama, mbona unagusagusa ukuta?" bintiye aliuliza.

"Naangalia vumbi."

"Vumbi kwa mgongo wa mkono?"

Mama Sabuni alijifuta mkono kwenye khanga. Alikuwa na hofu, na ndani ya hofu hiyo mlikuwa na aibu, kwa sababu kitanda hiki ni yeye aliyekiomba. Msimu wa baridi kituo hiki cha afya hakikukalika. Upepo uliingia chini ya milango, ukatembea sakafuni, ukapanda vitandani bila hodi. Nyuma ya ukuta ule ndipo palipokuwa na chumba cha betri za sola. Betri zilitoa joto, joto likapita ukutani, na mzazi aliyepewa kitanda cha mwisho aliamka bila kutetemeka. Walikigombania. Siku bintiye alipojifungua, Mama Sabuni alimfuata Sista wa wodi, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Sista, kwa hisani yako, huyu wangu mpe ukutani." Sista akampa. Miaka yote aliyofua mashuka ya kituo hajawahi kupata upendeleo mwingine, na huu aliufurahia mpaka akawasimulia majirani.

Sola ilipoletwa, mchoro wa mafundi ulionyesha kibanda cha betri nje, mbali na wodi, chenye matundu ya hewa kila upande. Matofali ya kibanda yaliletwa. Kila mtu aliyaona yakishushwa. Baadaye yakaonekana kwenye uzio wa nyumba ya Mkuu wa kituo. Hakuna aliyeuliza, maana tofali halina jina la mtu, na kazi ina watoto wanaoitegemea. Betri zikaingizwa kwenye chumba ambacho zamani akina mama walikitumia kunyonyeshea, zikapangwa ndani ya kabati la chuma lililomzidi mtu kimo. Kwa kuogopa wezi, dirisha likapigiliwa bati. Ukuta wa kati haukufika juu. Uliishia chini ya paa, ukaacha upenyo ambao hakuna aliyewahi kuufikiria.

Na yeye Mama Sabuni alikuwa na sehemu yake. Mvua za kwanza tu zilipoanza aligundua kwamba chumba kile kinakausha. Nepi zilizokuwa zinashinda kambani mpaka zinanuka uvundo, humo zilikauka kabla ya chakula cha mchana. Alifunga kamba kutoka kona hadi kona. Kamba zilipojaa alitandaza nepi na mashuka mabichi juu ya kabati lenyewe, kwenye yale matundu yaliyopuliza hewa ya moto, kwani hapo ndipo palipokausha kushinda kote. Maji yalidondokea ndani, tone kwa tone, na hakuna aliyeona ubaya. Wazazi walimpenda kwa nepi zile za vuguvugu. Mkuu alimtolea mfano kikaoni: "Ubunifu ndio huu, jamani, siyo kukaa mnalalamika."

Fundi aliyezifunga betri alikuja mara moja tu kuzikagua. Alipoona yale mashuka alijishika kichwa. Akasema kitu hiki kinataka hewa na hakitaki maji, akaenda ofisini kwa Mkuu, akatoka amenuna, na hakuonekana tena. Baada yake kabati likaanza kulia. Bip, bip, mchana kutwa. Wazazi wakalalamika kwamba hawapati usingizi, na Mkuu akaagiza waya wa ile kelele ukatwe. Ukakatwa. Wodi ikatulia, watu wakashukuru.

Leo ilikuwa siku ya uzinduzi. Sola ilikuwa imefanya kazi muda mrefu, lakini mradi wa umma hauhesabiki kuwa umezaliwa mpaka mkubwa aukatie utepe. Uwanjani hema lilikuwa limeshasimama, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, na zulia jekundu limetandikwa kutoka getini. Mama Sabuni alikuwa ameagizwa kuondoa nguo zake zote kwenye chumba cha betri, pasionekane hata soksi. Alitoa ufunguo kifuani akaenda.

Alipofungua mlango joto lilimpiga usoni, akarudi hatua moja nyuma. Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya moshi. Ilikuwa tamu na kali, kama ile dawa ya wasichana ya kufutia rangi ya kucha, na ilimkaba kooni. Wapambaji walikuwa wameshapita. Walikuwa wamelizungushia kabati kitambaa cha satini, juu mpaka chini, wakalifunga utepe wenye ua kubwa kama wanavyofunga zawadi ya harusi. Mama Sabuni alivuta nepi mbili tatu kambani. Zilikuwa zimekauka mpaka zimekuwa ngumu. Akainua pindo la satini.

Mlango wa chuma ulikuwa umebenuka kwa nje. Rangi yake ilikuwa imeanza kufanya malengelenge. Na ndani, chini chini, kitu kilikuwa kinasonya, kinanyamaza, kinasonya tena, kama mtu mzima aliyechoshwa na jambo.

Nepi zilimponyoka. Alitoka mbio, akakumbuka kufunga mlango, akakimbia tena.

Sista alikuwa anatandika mashuka mapya yaliyotolewa kwa ajili ya leo. Mama Sabuni alimvuta mpaka ukutani, akamwekea mkono pale. Sista akauondoa upesi vile vile.

"Tangu lini?"

"Jana haukuwa hivi. Kabati limevimba, Sista. Linasonya. Twende tulizime, swichi kubwa naijua ilipo."

"Tukizima, mashine ya mjukuu wako inazimika." Sista alisema kwa sauti ndogo, akiangalia mlangoni. "Mtungi wa oksijeni ni mtupu, tumeuomba mpaka tumechoka. Atakaa dakika ngapi bila hewa? Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Basi tuwahamishe wote."

"Tuwapeleke wapi? Wodi ya wanaume haina soketi hata moja nzima." Alimsogelea zaidi. "Mimi nilishasema habari ya chumba kile, Mama Sabuni. Nikaambiwa kuna zahanati moja huko mbali inahitaji muuguzi. Nina wanangu shuleni hapa. Nenda wewe kamwambie Mkuu. Wewe hakuna pa kukuhamishia."

Lilikuwa kama utani, na siku nyingine wangecheka.

Mkuu alikuwa karibu na hema, amevaa suti mpya, anamwelekeza mshereheshaji pa kusimama. Nyuma yao jenereta ya kukodi ilikuwa inanguruma, na nyaya nene zilitoka kwake kwenda kwenye spika zilizopangwa kama kabati mbili za nguo. Mkuu alikuwa mdogo kwa Mama Sabuni, na mbele za watu humwamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika. Leo hakumwamkia.

"Mkuu, samahani. Chumba cha betri kinataka kuungua."

"Umeona moto?"

"Moto bado. Kabati limevimba. Ukuta haushikiki. Na kuna harufu."

"Harufu ya nini?"

"Tamu."

Mkuu alimtazama mshereheshaji, na mshereheshaji akaona ni wajibu wake kucheka. "Moto mtamu," alisema. "Huo tutautia kwenye chai."

Mama Sabuni hakucheka. "Mkuu, nakuomba. Hii jenereta ivutiwe waya mpaka wodini, mashine ya mtoto ifanye kazi. Tuzime betri. Wazazi watoke nje kwanza, mpaka fundi aje."

"Hii ni ya spika."

"Mkuu, kuna mtoto—"

"Hii ni ya spika, Mama Sabuni. Unanisikia?" Alimsogelea, akashusha sauti, na hapo ndipo Mama Sabuni alipoona kwamba karatasi mkononi mwake zinatetemeka. "Mkubwa yuko njiani kuja kuzindua sola. Nimwambie nini? Kwamba tumeizima? Kwamba kituo kinaendeshwa kwa jenereta ya kukodi? Akiuliza kile kibanda cha nje kiko wapi, utamjibu wewe? Mimi leo nitalala wapi?"

"Kwangu utapata pa kulala," Mama Sabuni alisema. Lilimtoka tu. Hakuwa na nia ya utani.

Uso wa Mkuu ukafungika. "Wewe ni wa sabuni. Mambo ya umeme waachie wenye umeme. Kila mzazi akae kitandani kwake, ametandikiwa vizuri, amefunikwa. Na yule mtoto wa mashine asiguswe. Mkubwa atapiga naye picha. Huyo ndiye ushahidi wetu kwamba mradi unaokoa maisha." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa hapo hapo mdomoni. Lakini mkono wake, uliozoea kutumwa, ulishaingia kifuani ukatoka na ufunguo, ukamkabidhi. Mkuu akautia mfukoni na kurudi kwenye shughuli zake.

Alirudi wodini akitembea upande upande. Sista alimwangalia mara moja tu akaelewa, akaendelea kukunja pembe za shuka ambazo zilishakunjwa.

"Amka," Mama Sabuni alimwambia bintiye. "Inuka tusogeze kitanda."

"Mama, nimeambiwa nisitikisike. Mgeni anakuja kwetu kwanza. Ona, wamenivalisha gauni jipya."

"Inuka."

"Ukinifukuzisha hapa mtoto atapumulia nini? Utampulizia wewe?" Bintiye alikuwa karibu kulia. Mshono ulikuwa bado unamuuma, na kwa siku zote hizi alikuwa hajafunga macho sawasawa, akisikiliza ile mashine kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenitafutia kitanda hiki."

"Ni mimi," Mama Sabuni alisema. "Ndiyo maana nakwambia inuka. Ninaogopa, mwanangu."

Bintiye alimtazama usoni. Mwanamke huyu alimzika mume bila kuyumba, akalea peke yake, akitaniwa na kila mtu kwamba anajikaza kisabuni. Hajawahi kumsikia akitamka neno hilo. Aliweka miguu sakafuni, akashika ukingo wa kitanda, na wakasukuma pamoja. Magurudumu yalikuwa na kutu. Kitanda kilikwenda, kikakwama, kikaenda tena, mpaka waya wa mashine ukanyooka wote na plagi ikaanza kulegea kwenye soketi. Hapo wakasimama. Kutoka kitandani hadi ukutani palikuwa na nafasi ya mtu kupita, basi. Hapo ndipo uwezo wao ulipoishia.

"Inatosha?" bintiye aliuliza.

"Ngoja," alisema Mama Sabuni, bila kujua wangoje nini.

Kilikuja kishindo kifupi nyuma ya ukuta, kama sufuria nzito iliyodondoka. Wazazi wote wakainua vichwa. Kikaja cha pili. Taa zikafifia, zikazimika, na mashine ya oksijeni ikatoa mlio mmoja mrefu wa kulalamika.

Kisha, kwenye ule upenyo chini ya paa, mvuke mweupe ukachungulia. Haukupanda juu kama moshi wa kuni. Uliteremka ukutani polepole, mzito, kama maziwa yanayofurika sufuriani, ukamwagikia kwenye nafasi ambapo kitanda kilikuwa kimetoka sasa hivi.

"Tokeni!" Sista alipiga ukelele. "Wote nje! Acheni vitu, bebeni watoto!"

Mama Sabuni alichomoa mrija kwenye mashine. Hakuthubutu kuuchomoa puani. Alimtia mtoto ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi, akafunika kwa khanga, akamsukuma bintiye mbele kwa bega. Mvuke ulimfikia kooni, ukamchoma kama pilipili, macho yakajaa machozi akawa anaona vivuli tu. Wazazi walikanyagana mlangoni. Mmoja alikuwa akiita jina la mwanawe ambaye alikuwa naye mgongoni. Sista alitoka wa mwisho, anakohoa, anaiburura mashine ya oksijeni kwa waya wake, magurudumu yakigonga ngazi.

Nje palikuwa na jua dogo lisilo na joto. Na palikuwa na muziki.

Spika zilikuwa zimefunguliwa zote. Wimbo wa kumkaribisha mgeni ulikuwa unapigwa, na ngoma yake ilitikisa ardhi, ikatikisa vioo vya madirisha, ikatikisa maji kwenye chupa zilizopangwa mezani. Nyuma ya wodi vishindo vilikuwa vinafuatana sasa, na bati la dirisha lilikuwa limeanza kuvujisha moto pembeni. Chini ya hema watu wachache walikuwa wamegeuka. Wengine walikuwa wanapiga makofi kwa mpigo.

Sista aliona jenereta. Mama Sabuni naye aliiona. Walikwenda moja kwa moja, mmoja na mashine, mmoja na mtoto, mpaka kwenye kamba iliyokuwa imefungwa kuzunguka zulia. Mwanamume mwenye miwani myeusi, aliyetangulizwa na msafara, aliwawekea mkono mbele.

"Rudini nyuma ya kamba."

"Tunataka umeme," Sista alisema. "Plagi moja tu. Ona mashine hii hapa, ona jenereta ile pale!"

"Hapa hapapiti mtu. Mkubwa ameshafika."

"Wodi inaungua, wewe kaka, huoni?"

"Wanaohusika wanalishughulikia. Rudi nyuma, mama."

Getini gari la kwanza lilikuwa linaingia, na la pili, yote meusi yanayong'aa. Mkuu alitokea upande wa wodi anakimbia. Suti ilikuwa imeingia majivu begani. Mama Sabuni alimwita, akamwita tena kwa nguvu zake zote, na Mkuu aligeuka akamwona. Alimwona vizuri, na akaona khanga ilivyofumbatwa kifuani. Aliangalia magari. Akaangalia moshi, ambao sasa ulikuwa umekuwa mweusi na umepita kimo cha paa. Kilipasuka kitu kingine kule nyuma, na watu wa mstari wa mbele wakashtuka.

Mkuu alimgeukia kijana wa spika, akazungusha mkono hewani.

"Ongeza!" alipiga kelele. "Ongeza sauti!"

Sauti ikaongezwa. Mshereheshaji, kipaza sauti mdomoni, akawaomba wageni waalikwa wasimame.

Bintiye alikuwa amefika, peku, gauni jipya limelowa damu kwa chini. "Mama, anapumua?" Mama Sabuni alisoma midomo yake, maana sauti haikusikika. "Mama, anapumua?"

Alifungua khanga. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi, au ni kivuli cha hema, hakujua. Aliinama, akaweka sikio kwenye kile kifua, akasikia ngoma ya spika. Akaliondoa. Akaweka kiganja, akakikandamiza taratibu, akafumba macho asikengeuke. Kifua kilitikisika chini ya kiganja chake. Kikatikisika tena. Alikaza mkono, akangoja, na mkono wake nao ukawa unatikisika, na zulia, na viti, na chupa za maji mezani, vyote kwa mpigo mmoja.

"Zimeni kidogo," alimwomba yule mwenye miwani. "Kidogo tu, nisikie."